Jeep Iliyobaki Idjwi

Siku yangu ya kwanza ya kazi, shefu wa garaji, mukubwa wa mafundi, alinipa krik, ile jeki ya kuinulia gari. Funguo za gari hakunipa. Aliketi juu ya pipa, akakunja mikono, akaniambia: "Mama, toa tairi ya nyuma, kisha uirudishe. Tuone." Mafundi wote wakaacha kazi, wakaja kucheka. Nikafunga kitenge changu vizuri, nikapiga magoti juu ya yale mawe meusi ya volkano, nikatoa tairi, nikairudisha. Kisha nikamuwekea krik yake mukononi: "Sasa na weye, shefu, nenda upike sombe. Tuone." Alicheka mpaka akashuka kwenye pipa. Funguo nilizipata siku ile ile.

Nawaandikia ninyi vijana munaosema kutembeza watalii haikuwa kazi, ilikuwa starehe. Starehe ya nani? Mutalii ndiye aliyekuwa na starehe. Mimi nilikuwa na usukani.

Mimi ni mutoto wa Masisi, binti ya mufugaji. Baba alikuwa anasema gari na ng'ombe ni kitu kimoja, ukimupiga sana atalala chini. Mume wangu alikufa mapema, akaniachia watoto watatu, na mushahara wa ajansi, ile kampuni ya kutembeza watalii, ndio ulilipa minervali, yaani karo yao ya shule. Muweke hilo kichwani, kwa sababu kuna siku nilicheza na mushahara ule.

Ajansi yetu ilikuwa Himbi, hapa Goma, karibu na ziwa. Kwanza nilitumwa njia ya Kibati, kupeleka bazungu chini ya volkano na kuwarudisha na miguu imeharibika. Kisha wakanipeleka Bunagana, kungoja wageni wanaoingia kutoka Uganda. Pale mupakani nilijifunza uvumilivu, maana mutu wa kupiga muhuri hata umulilie, atamaliza chai yake kwanza. Mwisho nikapewa kisiwa cha Idjwi, na kule ndiko nilikopenda kazi.

Jeep ya kisiwa ilivushwa mara moja tu, juu ya chombo cha kubeba simenti, na haikurudi Goma tena. Sisi tulikuja na boti na wageni, tukaikuta inatungoja chini ya bati, kwa Mama Nsimire. Yeye alikuwa na nyumba ndogo ya wageni upande wa kaskazini, mashuka yananuka sabuni, na maji ya moto kwenye ndoo kila asubuhi. Kutoka pale tulishuka kusini polepole, katikati ya kahawa na migomba, mpaka kwa masista, ambao nao walikuwa na vyumba. Njiani tulisimama kila mahali. Tulikula nanasi pale pale shambani. Tulinunua vikapu, na niliwafundisha wageni kubishana bei mpaka muuzaji acheke, kisha waombe matabishi, ile nyongeza ya bure. Ukinunua bila kubishana na bila matabishi, umechukua kitu tu, haujaonana na mutu.

Barabara ya Idjwi ni udongo. Mvua ikinyesha, unaweka krabo, ile nguvu ya magurudumu yote manne, na bado unaweza kuzama. Depanaji ya kule, yaani kutoa gari iliyokwama, ni mabega ya watu. Hakuna nyingine.

Kisha akaja Direktere mupya, mukubwa wa ajansi. Hakuwa mutu mubaya. Mugeni mumoja aliumwa tumbo, akalalamika sana, na Direktere aliogopa kupoteza jina la ajansi. Akaniita ofisini.

"Mama Shofere, kuanzia leo chakula kinatoka hoteli ya hapa Goma, mu karto. Na safari ni ya siku moja. Mutalii analipa asisumbuke."

"Direktere, mutu haingii kwa mwenzake na chakula chake mukononi."

"Ni amri, Mama."

Basi, amri. Nikafika kwa Mama Nsimire na wageni na makarto yao, yale maboksi ya chakula. Yeye alikuwa ameamuka alfajiri kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na kusonga bugali, kwa sababu hakuna aliyemuambia kitu. Wageni wakafungua mikate yao juu ya kitambaa chake cha meza. Mama Nsimire akazifunika sahani zake tena, moja moja, akasema "Karibuni," akaingia jikoni. Haya iliniwaka mpaka masikioni. Kwa watu wa kule, kufanya vile ni kumuambia mutu mbele ya jirani zake kwamba nyumba yake ni chafu.

Habari za kisiwa zinapita pikipiki kwa mbio. Safari iliyofuata, Direktere alikuja mwenyewe, pamoja na muzee muzungu ambaye angeamua kama kampuni yake itatuletea wateja. Mvua ilikuwa imenyesha. Tukachukua Jeep bila kuingia ndani, na chini ya mulima wa Mama Nsimire ikazama mpaka tumbo. Nikaweka krabo, wapi! Watu walikuwa juu shambani na majembe yao, wanatutazama. Hakuna aliyeshuka.

Direktere akatoa hela, akazipunga. Mwanaume mumoja akamujibu kwa upole kabisa: "Papa, kula karto yako, upate nguvu ya kusukuma."

Direktere akanigeukia. "Waombe. Weye wanakujua."

"Siombi."

"Mama, kazi yako iko hapa, utaipoteza!"

"Najua. Na mimi niko hapa. Panda kwa Mama Nsimire, uketi, ule. Kisha tutaongea habari ya gari."

"Na kama sitaki?"

"Basi tulale mu matope. Mimi ni wa Masisi, na matope tunajuana."

Musidhani sikuogopa. Niliona watoto wangu wamefukuzwa shule, wamesimama ku mulango na mifuko yao. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya haki, na hata leo siirudishi nyuma. Muzee muzungu hakuelewa maneno yetu, lakini alikuwa ameshavua viatu na kuanza kupanda mulima peke yake. Direktere akamufuata.

Mama Nsimire akawanawisha mikono. "Leo samaki hakuna," akasema. "Wa siku ile walibaki." Akawapa bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Direktere alikula akamaliza, kisha akasukuma sahani mbele aongezewe. Hapo Mama Nsimire akasimama ku mulango, akaita mara moja, na mulima wote ukashuka. Jeep ilitoka kwa nyimbo.

Tuliporudi Himbi, Direktere akaniambia: "Utaomba musamaha mbele ya wafanyakazi wote, ama uache funguo."

Nikaziweka juu ya meza yake. Nikaenda nyumbani kupika maharagwe, na nililia nikiyapika, siwafichi.

Kumbe shefu wa garaji, yule wa krik, alikuwa amesikia. Direktere alimupa shofere mumoja zile funguo, akakataa. Akamupa mwingine, akakataa. "Kisiwa ni cha Mama," walisema. Baada ya siku chache shefu akagonga kwangu, funguo mukononi. "Direktere anasema urudi. Amenikataza nisikuambie kwamba alisema tafadhali." Makarto hayakupanda tena gari yangu. Mimi na Direktere hatukupendana hata mara moja, lakini tulifanya kazi vizuri mpaka pensheni yake.

Leo na mimi nimepumzika. Watalii hawaji, na sababu munaijua, muko hapa hapa Goma. Ajansi ilifunga mulango, na kwa kuwa hakuna aliyetaka gari iliyoko kisiwani, Jeep ikaachiwa mimi. Mutoto wangu wa kwanza ananipigia simu kutoka Kampala: "Mama, toka pale. Kazi ile imekufa, na barabara ile imekusahau." Nikamuuliza: nani amekufa? Volkano imetuchoma, tumejenga juu ya mawe yake. Mutu asinizike ningali na funguo.

Nikapanda boti, nikavuka Idjwi. Mama Nsimire sasa anatembea na fimbo, lakini alikuwa amevaa kitenge kipya na kuketi kiti cha mbele. Tulilala kwa masista, tukala nanasi, tukabishana bei ya kikapu mpaka muuzaji akacheka, akatutupia maracuja, yale mapasheni, za matabishi. Watalii hawaji? Sisi ndio watalii.

Tukirudi, mvua ikatukuta, na pale pale chini ya mulima wake Jeep ikazama. Nikazima moto wa gari. Wale waliotusukuma zamani wengi wamezikwa. Juu shambani sikuona mutu, na neno la mutoto wangu likanirudia: barabara imekusahau. Niliogopa kuliko siku ya Direktere.

"Piga honi," Mama Nsimire akasema.

Nikapiga. Wakatoka migombani, wasichana na vijana ambao sikuwajua hata mumoja. Musichana wa mbele hakwenda nyuma ya gari kusukuma. Alikuja kwenye mulango wangu, akaufungua.

"Bamama, mushuke. Gari itangoja. Mukule kwanza."

Tukashuka.