Sauti Mbele ya Machela

Baba mdogo Yared alizaliwa Vidunda, juu kwenye mkono wa mlima unaoteremka hadi kwenye mashamba ya miwa ya Ruaha. Alilima maharage kwenye mteremko ambao mgeni angeogopa hata kusimama. Lakini watu wa vijiji vyetu walimjua kwa sauti yake. Mgonjwa aliposhushwa kwa machela, au maiti aliporudishwa nyumbani, yeye alitangulia akiita njia: "Jiwe kushoto! Utelezi! Bega!" Kwa neno hilo la mwisho wabebaji walipokezana, maana machela haiwekwi chini njiani. Mama yangu alishushwa hivyo akiwa na uchungu wa kunizaa mimi.

Machi hii alifia bondeni, hospitalini. Alikuwa ameomba azikwe juu, nyumbani. Barabara ilikuwa imekatika, gari likatuacha chini ya mlima, na wingu zito lilikuwa linakuja. Kama mvua ingetukuta, njia ingegeuka mto, naye angezikwa ugenini.

"Tumpandishe," alisema Beda, rafiki yake. "Ametusumbua masikio miaka yote, leo atusumbue mabega."

Watu walicheka huku wanalia.

Tulipofika penye mwamba, ambapo njia ni nyembamba, wabebaji wakasimama wote kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amechoka. Nami nilisimama, ndipo nikaelewa: tulikuwa tunamsubiri aite.

Beda akajifuta uso kwa kofia. "Jamani, mnamsubiri nani?"

Matone ya mvua yakaanza.

Mama mdogo Monica, mjane wake, akatoka nyuma kwa wanawake, akapita kando ya jeneza, akatangulia. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti.

"Jiwe kulia," akaita. "Mzizi. Bega!"

Wakapokezana.

"Shemeji, umejifunzia wapi?"

"Huyu aliita hata usingizini, akiniamsha. Acha maswali Beda, kanyaga kushoto."

Tukapanda nyuma ya sauti yake. Tulipotokea juu, wingu lilikuwa chini yetu. Lilikuwa limefunika miwa yote na mto, likinyesha huko, na sisi tumesimama kwenye jua. Mungu alikuwa ametuachia mlima mtupu, mkavu, kwa ajili ya mtu mmoja aliyelima maharage.

Kaburini wabebaji walibaki na jeneza mabegani, wakimtazama Monica.

"Sasa mshusheni," akasema taratibu.