Uso Wake Siujui

Nyuso za watu hazikai kichwani mwangu. Macho nayaona, pua naiona, lakini nikigeuka tu, uso wote umepotea. Nilipokuwa mtoto Machakos nilidhani kila mtu yuko hivyo. Kisha nikaolewa Kajiado, na huku kumpita mama mkwe bila kumsalimia ni matusi.

Nami nilimpita, amesimama sokoni Kitengela, siku aliyovua shanga akavaa sweta. Nikaitwa mwenye madharau. Nilijieleza, hawakuniamini.

Jumapili tulipotoka kanisani, mama mkwe na dada yake walibadilishana shuka na shanga, wakaketi kimya uani. Shemeji yangu akaniambia nimsalimie mama. Wote walikuwa wanangoja kucheka.

Sikubahatisha. "Mama zangu, simameni mtembee kidogo."

Shemeji akasema huo ni ujanja. Nikamuuliza, ng'ombe wake akiwa mbali na amempa mgongo, yeye humtambuaje. Akasema kwa madoa na mwendo.

"Madoa mmeficha," nikamwambia. "Basi niachieni mwendo."

Wakatembea hadi kwenye zizi la mbuzi. Mmoja alitanguliza bega la kushoto, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Nikamfuata, nikainamisha kichwa mbele yake, nikamsalimia mama kwa Kimaasai.

"Takwenya, yeyo."

Akaniwekea mkono kichwani. "Iko," akaitikia.

Msamaha sikuomba, na sitaomba. Uso wake siujui hadi leo. Yeye namjua.