Wifi Yangu na Miguu ya Wagonjwa

Wifi yangu, mke wa kaka, hawezi kukusalimia bila kukutazama miguuni. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilidhani anavicheka viatu vyangu. Mimi ni fundi cherehani, viatu vyangu ni vya kukanyagia mashine, siyo vya kutamba navyo. Nikanuna mpaka hamu ya kula ikaniisha. Kumbe mwenzangu alikuwa kazini. Yeye ni muuguzi wa kile chumba wanacholazwa watu wakitoka kupasuliwa, wakae humo mpaka nusu kaputi iwatoke na wajue kwamba bado wamo duniani. Hospitali nzima inamwita Sista Soksi.

Jina hilo kalitafuta mwenyewe. Zamani, kabla hajawa mkubwa wa chumba, bibi mmoja alitolewa harakaharaka kupelekwa wodini. Presha yake nzuri, anajibu maswali, mashine zote zinamsifu, ila miguu hakuna aliyemgusa. Kufika wodini akaanza kutetemeka kwa baridi mpaka kitanda kikapiga kelele, wakamrudisha mbio. Bibi alipona na akaishi kuwasimulia wajukuu, lakini wifi aliapa. Alipokabidhiwa chumba akaweka sheria yake: akiwepo yeye katika jengo, hata kama yuko chai, hakuna mgonjwa kutoka mpaka aitwe amshike miguu. Ikiwa ya baridi, unavikwa soksi, unaongezwa blanketi, unarudi kulala. Daktari mkuu aliwahi kumjia juu kwamba wagonjwa wanarundikana. Wifi akamjibu kwa heshima zote, na mgonjwa hakutoka.

Soksi zenyewe nazishona mimi. Huja kwangu kuomba mabaki ya vitambaa vizito, na kumnyima siwezi, maana ataniangalia miguu. Watu wengi hapa mjini wamezinduka wamevaa mapazia ya wenzao na hawajui.

Anayeteseka ni kaka. Yeye ni fundi wa redio na feni, kazi zake anafanyia barazani, kwa hiyo jioni anawahi kupika, anafunika chakula, anakaa. Wifi hana saa ya kurudi. Mgonjwa wa mwisho akichelewa kupata joto, naye anachelewa. Nimemwambia kaka mara ngapi, "Kula, bwana, atakukuta." Anajibu, "Namngoja." Wifi akiingia, hata kama wali umekuwa jiwe, kaka hasemi lolote la lawama. Husema tu, "Umerudi?" Kisha wanakula. Mimi ningekuwa nimeshasema mengi.

Sasa kaka huyu alikuwa na ngiri, na aliificha kwa ufundi mkubwa mpaka siku aliyojitia ubabe kubeba friji la jirani. Akaketi chini, jasho linamtoka, na ujanja ukaishia hapo. Akapangiwa kupasuliwa hospitali ileile ya mkewe.

Pale hospitali hakuna anayemhudumia ndugu yake. Wifi akawakusanya wenzake asubuhi akawaambia, "Leo mimi siyo sista. Ni ndugu wa mgonjwa kama ndugu wengine. Atakayenipendelea tutakosana." Akavua koti la kazi, akaja kukaa nami kwenye benchi la nje, lile linalotazamana na mlango wa chumba chake. Miaka yote alikuwa akiliona benchi lile kutokea mlangoni. Kukaa hakuwahi.

Mwanzoni alikuwa mwalimu. "Usihofu, wifi. Ngiri ni upasuaji mdogo. Wakimaliza wanamleta humu, anazinduka, anatoka." Muda ukaenda. Mama mmoja aliyeingia nyuma ya kaka akatolewa na machela, akipunga mkono. Wifi akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kuchelewa kuna sababu zake. Pengine anasikia maumivu, wakimpa dawa lazima wamwangalie kwanza. Pengine anatapika. Au presha imeshuka. Na kama wamemchoma sindano ya mgongo, hatoki mpaka achezeshe miguu."

"Haya," nikasema.

"Tena na umri. Mwili wa mtu mzima hauiachii dawa upesi. Na zile sigara alizokuwa anavuta ujanani, kifua hakisahau. Halafu kuna mambo hata hayamhusu. Kitanda wodini hakijaachwa, au wauguzi wa wodini wanapokezana zamu, au wa machela kaenda kunywa chai."

"Wifi, unanieleza mimi au unajieleza mwenyewe?"

Vidole vilikuwa vimemwishia na bado ameshika kimoja. Hapo ndipo nami nikaanza kuogopa, kwa sababu mjuzi wetu ndiye huyo, na mjuzi kabadilika rangi.

Mlango ukafunguka. Akachungulia muuguzi mwembamba mwenye miwani, msaidizi wake. Wifi akaruka.

"Vipi?"

"Anaendelea vizuri, Sista."

Mlango ukafungwa. Wifi akabaki kasimama. "Anaendelea vizuri," akasema. "Hilo ni neno langu! Mimi ndiye niliyewafundisha! Mlangoni hakuna maelezo marefu, sema anaendelea vizuri, funga. Hata kama mambo yameharibika ndani tunasema hivyohivyo!"

Nilitaka kucheka, nikaona machozi. Akakaa, akainamisha kichwa mpaka magotini, akaniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, huyu mtu akiondoka, mimi nitarudi nyumbani kwa nani?" Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama maji ya mtungini.

Mlango ukafunguka tena, ukafungwa taratibu. Ukafunguka mara nyingine. Mwenye miwani akatoka mzimamzima, akaja kwa kunyata kama mtu anayeingia msibani. Moyo wangu ukaniambia ndiyo hayo.

"Sista," akasema, "samahani. Unaingia lini?"

"Niingie wapi?"

"Kumwona mzee. Nilipochungulia nilidhani utanifuata ndani, kisha tuliona umeinama, tukadhani unasali, tukasema tusikusumbue. Lakini chumba kinajaa."

"Kwani kazinduka?"

"Zamani! Presha nzuri, hana maumivu, hajatapika. Kitanda wodini kipo. Wa machela tumemkalisha pale mpaka kasinzia."

"Sasa mbona hamumtoi?"

Msaidizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Si mpaka umshike miguu?"

"Na yule mama aliyetoka?"

"Yule si tulikwambia asubuhi? Watoto wake waliomba apelekwe hospitali nyingine, daktari akamsaini mwenyewe. Huyu wetu hakuna aliyethubutu. Yaani mume wako, Sista, atoke hujamgusa? Tungekuelezaje?"

Yaani wao ndani wanamngoja yeye, na yeye nje anawangoja wao, na kaka yangu katikati, mzima, kafungwa na sheria ya mkewe. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wifi hakucheka. Aliingia mbio, na mimi nyuma yake, mwenye miwani akajifanya hanioni.

Kaka alikuwa amelala chali, macho yako wazi, miguuni soksi za maua. Nilizitambua: pazia la sebule ya jirani mwenye friji. Mezani pembeni palikuwa na kikombe kimefunikwa na sahani.

Wifi akamvua soksi, akamshika miguu yote miwili. Nilijua ni ya moto kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka. Lakini hakuiachia.

Kaka akainua kichwa, akamtazama.

"Umerudi?" akasema.

Wifi akakitazama kile kikombe. "Hujanywa chai? Tangu jana hujatia kitu mdomoni!"

"Waliniletea," kaka akasema. "Nikawaambia nakungoja."

Basi Sista Soksi akalia mbele ya chumba kizima, wagonjwa na wauguzi wake wote, uso kauweka kwenye ile miguu. Nilipofunua kikombe, chai ilikuwa imepoa kabisa. Waliinywa hivyohivyo, wawili, kwa zamu.