Weusi wa Mama Ursule

Nasra haambiliki. Baba yake, fundi cherehani Amuri, alilijua hilo mapema: alimkataza kupoteza siku zake na picha za kompyuta, naye akajifunza hata hivyo, kwa kompyuta chakavu iliyozimika kila umeme ulipokatika. Leo ndiye mchoraji katika karakana ya mabango ya bosi wake, tonton Évariste, pale mtaa wa Makiso, na karakana nzima inajua jambo moja ambalo hamkubalii mtu: kumpaka marehemu weupe.

Maana desturi hiyo imeota mizizi. Mtu akifa, bango lake hutundikwa mlangoni kwenye matanga, na uso wake huoshwa hadi afanane na mgonjwa wa homa ya manjano. Maisha yake yote alikuwa mweusi, kifo ndicho kimgeuze Mzungu! Nasra akiona bango la namna hiyo huchemka.

Basi akaja papa Médard, mvuvi wa kabila la Wagenia, kuomba bango la marehemu mke wake, Ursule, aliyekuwa akiuza liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, karibu na maporomoko ya mto. Picha aliyokuwa nayo ni ile ya kadi ya uchaguzi tu, ndogo na iliyofifia, isiyoweza kukuzwa. Nasra akaamua kumfinyanga upya ndani ya kompyuta. Alimuuliza mzee habari za pua, mashavu na kidevu, akamketisha mama Ursule kando ya maji, jua likiwa utosini.

Hapo kazi ikawa kazi. Kompyuta hupiga hesabu ya mwanga kama jua lenyewe linavyoumwaga, wala haijali kwamba skrini haiwezi kuubeba wote. Povu la maporomoko liliwaka kama bati jipya, likameza kila kitu, na uso wa mama Ursule kando yake ukawa wa kijivu, kama umepakwa majivu.

"Nasra, iko rahisi," tonton Évariste alisema nyuma yake. "Unaongeza lumière, anakuwa clair, mweupe, bon. Bateja banapenda clair."

"Hapana, tonton. Ye hakukuwa clair."

"Ni mimi patron hapa, si weye!"

"Ndiyo, tonton. Lakini uso ni ya mama Ursule."

Alijibu kwa adabu, bila kugeuza shingo. Kuna watu ambao wakiinama ndipo wanapokuwa wagumu zaidi.

Kwenye skrini kuna mstari unaopindwa, ndio unaoamua mwanga upi upewe nafasi gani. Nasra aliupinda. Alilikandamiza povu mpaka matone yakaonekana, akaipa nafasi ile sehemu ya giza ambako rangi za ngozi zilikuwa zimebanana: wekundu chini ya weusi, mng'ao wa shavuni. Kisha ikaja vita ya mashine ya kuchapa. Skrini huchora kwa mwanga, mashine kwa wino, na haziafikiani: weusi mzuri wa skrini ulitoka na ukijani. Akachapa kipande, akasahihisha, akachapa kingine, huku tonton Évariste akilalamika kwamba wino unaisha. Na alalamike.

Papa Médard alipokuja kutazama, Nasra alisimama kifua mbele, akingoja shukrani.

"Ni ye," mzee alisema, akiisogelea skrini. "Macho iko yake. Lakini mutoto yangu, Ursule alikuwa mweusi kupita hapa. Na weye pia uliogopa?"

Maneno yale yalimkata maini. Yalikuwa kweli: pamoja na ubishi wake wote, alikuwa amebakiza weupe kidogo, kwa ajili ya macho ya watu. Aliona haya, kisha akajikasirikia. Akavuta kiti, akamketisha mzee kando yake, akaanza kuushusha mstari.

"Bado," alisema papa Médard. "Bado." Halafu machozi yakamlengalenga, akamwamkia mkewe: "Mbote, Ursule."

Tonton Évariste alichungulia juu ya mabega yao. "Alors, batu ba barabarani batamuona namna gani na giza hii?"

"Basogee karibu," Nasra alisema, akaiwasha mashine ya kuchapa.