Kiingereza cha Kuongea na Mjukuu

Mie sikujifunza Kiingereza ukubwani ili nipate kazi. Nilijifunza kwa sababu ya mjukuu wangu, aliyezaliwa ughaibuni alikoolewa mwanangu, na Kiswahili hakijui. Jumapili tukipigiana simu ya video, mtoto anasogezwa kwenye kioo, anasema "hi," huyo anakimbia. Mie bibi mtu nimekaa nangoja shikamoo! Iliniuma, nisiseme uongo. Niliona nitakufa mtoto yule ananijua kwa sura tu.

Hapa kwangu Chanika nina mpangaji, msichana anayesomea ualimu. Nikamwomba anifundishe. Maneno mojamoja hayakunisumbua. Nilikwama pale Waingereza wanapochukua kitendo wakakitundikia kijineno nyuma. "Look" ni kutazama. Ukiweka "after" unalea, ukiweka "for" unatafuta, ukiweka "down on" umeshamdharau mtu. Nikamwambia mpangaji, hawa watu wana wazimu. Sie tunapika, tunapikia, tunapikisha, mambo yote tunayamaliza humohumo ndani ya neno. Akacheka, akasema nisigombane na lugha ya watu, nizoee tu.

Kuzoea ndiyo kazi. Sikutulia. Nafagia uwanja huku nasema, nachambua mchicha huku nasema. Siku moja niko jikoni nikakumbuka "pick up," nikatoka mbio na mwiko mkononi kumuuliza mpangaji kama ni kuokota kitu au kumfuata mtoto shuleni. Akasema yote mawili. Kurudi, nakuta tui limekatika. Jirani akaniuliza kama naumwa, maana ananionaga naongea peke yangu. Nikamjibu ndiyo, naumwa Kiingereza.

Jumapili ikafika. Nilishavaa khanga mpya, nakaa, nasimama, nafuta kioo cha simu, nakaa tena. Sura ya mtoto ilipotokea, sikungoja shikamoo. Nikaanza mwenyewe: "Are you looking after your mother?"

Akasogeza uso kwenye kioo. Halafu akacheka, meno ya mbele hana, akaanza kuniporomoshea maneno ambayo sikudaka hata moja. Mwishoni akainua kidole.

"Hang on, Bibi."

Hilo nikalielewa. Subiri kidogo. Tena kaniita Bibi! Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Akailaza simu mahali, nikawa natazama dari yao nyeupe. Nikawaza labda kaenda kunichukulia daftari anioneshe, au mdoli wake. Wali wangu ukaanza kuungua, naisikia harufu, sikuinuka.

Baadaye sana ikatokea sura ya mwanangu. Akashangaa kunikuta bado niko hewani. Akaniambia mtoto katoka nje zamani, anacheza mpira na wenzake, basi tuongee wiki ijayo.

"Usikate," nikamwambia. "Kaniambia nisubiri."