Mtoto wa dada yangu alipotea Tengeru, akaonekana upande wa pili wa Mlima Meru. Hadi leo hatujui alifikaje

Wakuu, heshima zenu wote. Wakubwa, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu, wa kucheka na kupita. Ila kuna jambo lilitukuta nyumbani na nimechoka kulisimulia vipande vipande vijiweni. Leo naliweka lote. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, niliyoambiwa nitasema nimeambiwa. Majina nimebadilisha.

Sisi ni Wameru, kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Dada yangu Rebeka anauza ndizi. Ana mtoto mmoja wa kike, Ndeshi, wakati huo alikuwa na miaka minne. Mtoto wa maneno mengi, hajui kuogopa mtu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Dada alishuka sokoni asubuhi akijua mtoto amebaki na bibi yake. Mama yetu naye akajua mtoto ameondoka na mama yake, maana alikuwa analia anataka kufuata.

Mchana dada aliporudi akauliza, "Ndeshi amelala?"

Mama akamjibu, "Si uko naye?"

Nilikuwa uani na geti la mteja. Niliposikia hivyo nikazima mashine.

Wa kwanza kufikiriwa ni mfereji. Wa kwetu wanaujua, mfereji wa kumwagilia unapita nyuma ya nyumba na maji yake yana nguvu. Wazee wakafunga maji kule juu, sisi tukaingia ndani na kushuka nao tukipapasa tope kwa mikono.

Wakuu, kupapasa tope huku unaomba usishike kitu, simwombei mtu yeyote.

Tulifika hadi barabarani. Hatukushika kitu. Nilikaa kwenye majani nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu kama hayumo kwenye maji basi anaweza kuwa hai.

Polisi walikuja na mbwa. Aliyeongoza alikuwa askari wa kike, nitamwita Afande Mwanaidi. Mtu mpole, anauliza swali moja halafu ananyamaza mpaka umalize.

Mbwa akanusishwa gauni la Ndeshi. Akakata kwenye kahawa, akapita uani kwa jirani yetu Hamisi, akatoka hadi barabarani pale magari yanaposimama. Akazunguka pale pale, akakaa.

Afande akasema, "Hapa aliingia kwenye gari. Au aliingizwa."

Jumapili ikatangazwa kanisani kwetu, na msikiti wa sokoni nao wakatangaza. Picha ikasambaa kwenye magrupu. Ikaja habari kwamba kuna mtoto ameonekana njia ya Momela, tukaenda na askari wa hifadhi, tukatembea pembeni ya msitu tunaita jina hadi sauti zikakauka. Tukakuta nyati na twiga. Mtoto hakuna.

Jumatatu mambo yakataka kuharibika.

Huyo Hamisi ananunua vyuma chakavu, ni mtu wa Singida, kwetu ni mgeni. Maneno yakaanza kwamba mbwa alipita kwake, kwa nini hakamatwi. Kabla ya saa sita kundi la watu lilikuwa getini kwake, wengine na mapanga. Na Hamisi huyo ndiye aliyekuwa nyuma yangu kwenye mfereji, tope hadi kifuani.

Afande Mwanaidi alifika akasimama mlangoni, hana hata rungu.

"Mbwa alipita hapa, hakusimama hapa," akasema. "Mimi nilikuwepo. Anayetaka kuingia aanze kwa kuniambia jina lake kamili."

Mmoja akageuka, kisha mwingine. Hakuna aliyetaja jina.

Nikamwona Hamisi nyuma ya dirisha amemkumbatia mwanaye mdogo. Nikasikia aibu kwa niaba ya kijiji chetu.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Dada akaacha kula. Mama akaacha kuongea, akawa anafagia uwanja ule ule uliokwisha kufagiliwa.

Alhamisi mchana simu yangu ikaita. Afande.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Kaa chini kwanza. Kuna mtoto Oldonyo Sambu. Anasema anaitwa Ndeshi wa Mama Ndizi."

Wakuu, sikukaa chini. Nilikimbia jikoni nikamshika dada mkono, hata sikumweleza vizuri. Gari la polisi lilipokuja kutuchukua alipanda na mwiko mkononi, na mwiko ule hakuuachia njia nzima.

Kwa wasiojua, sisi tuko kusini-mashariki ya mlima. Oldonyo Sambu iko kaskazini-magharibi. Unapita mjini, unatoka Ngaramtoni, unapanda barabara ya Namanga, mlima wote unakuwa umeuzunguka. Mtoto wa miaka minne hafiki kule kwa miguu. Nilijiambia usifurahi, watoto wanafanana. Nikafurahi hivyo hivyo.

Tukafika kwenye boma la bibi mmoja wa Kimasai, wote pale wanamwita Koko, yaani bibi. Ndeshi alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa maziwa.

Akamwona mama yake. Akasema, "Mama, huku kuna mbuzi wadogo."

Dada alikaa chini kwenye vumbi, akamvuta mtoto, akawa anamnusa kichwani tu. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na Afande aliangalia mlimani muda mrefu sana.

Sasa sikilizeni sehemu inayoninyima raha.

Ndeshi alipotea na nywele timutimu. Tulimkuta amesukwa mistari safi, mipya. Alikuwa na sweta jekundu ambalo si letu. Amenawiri. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hajaguswa wala hajapigwa.

Koko hajui Kiswahili sana, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji alitutafsiria. Alisema alitoka kuchota maji asubuhi hiyo, akarudi akamkuta mtoto amekaa mlangoni. Hakuona gari wala mtu.

"Anasema mbwa wake wanabwekea hata upepo," mwenyekiti akasema. "Na hajawasikia wakibweka."

Afande akapiga magoti mbele ya Ndeshi. "Nani alikusuka?"

"Mama wa kule."

"Kule wapi?"

"Mama wa kule," mtoto akarudia, kama anaona hatusikii vizuri.

Tukadhani anaonyesha mahali. Mwenyekiti ndiye aliyeshtuka. Akasema kwa Kimasai *kule* ni maziwa.

Mama wa maziwa.

Afande akaanza upya. Wako akina mama wanaoteremka na madumu kuuza maziwa mjini na masokoni. Alipita kwao kwa heshima, mara nyingi, Ndeshi akiwa amebebwa na mama yake. Ndeshi aliwasalimia wote vizuri na hakumtambua hata mmoja. Makondakta wakaulizwa, sweta likapelekwa kwa wafumaji, hakuna aliyelijua. Na wengine wanasema labda neno lenyewe alilisikia hapo hapo kwa Koko asubuhi ile, maana alishapewa maziwa. Inawezekana pia.

Faili halijafungwa. Afande alihamishwa mkoa mwingine, lakini bado hunipigia akipata wazo. Ndeshi sasa anasoma shule, maneno ni yale yale, na hakumbuki chochote zaidi ya mbuzi.

Nilichojifunza ni hiki. Mkiachiana mtoto, semeni kwa mdomo, "Mimi namwacha kwako," na mwenzako ajibu. Sisi mtoto tuliiachia hewa. Pili, mtoto akipotea msitafute wa kumpiga, maana muda ule tuliopoteza getini kwa Hamisi ulikuwa muda wa kutafuta. Mama alimpelekea Hamisi mkungu wa ndizi na kumwomba radhi kwa niaba ya majirani. Alipokea, ila mwaka haukuisha akahama.

Juzi nilimuuliza dada, huyo mwanamke akija leo akabisha hodi, utamfanyaje?

Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Alimsuka vizuri kuliko ninavyomsuka mimi. Sijui nitamkaba au nitamkaribisha ndani. Ila mlango nitafunga, asiondoke kabla hajaniambia."

Mimi nimeishia hapo, wakuu. Wa Ngaramtoni, wa Oldonyo Sambu, mliowahi kusikia chochote, andikeni hapa chini. Na wenye akili ya upelelezi nisaidieni: mtu amchukue mtoto, amlishe, amsuke, kisha amrudishe kwa watu asiowajua, alikuwa anataka nini?