Mguu wa Chipu Nilioung'oa kwa Siri

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni Jumanne moja ya joto pale mtaa wa mafundi wa Gerezani. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nilikaa kwenye meza ya kazi aliyoiacha marehemu baba, na mbele yangu ilikuwa bodi ya umeme ya mdogo wangu Idrisa. Siku hiyo nilifanya jambo kwa mapenzi, na jambo hilo nusura limkoseshe shahada yake. Nakuhadithia wewe kwa sababu nimesikia umepata nafasi ya kusoma uzamili wa fani ile ile aliyosoma yeye, na najua nyumbani kwenu hakosekani mtu anayekupenda kama nilivyompenda Idrisa.

Wazazi wetu walifariki kwa kupishana miezi michache. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Chini yangu walikuwepo watatu, na Idrisa, wa mwisho, alikuwa hajamaliza darasa la pili. Ndugu walikuja nyumbani kwetu Magomeni kwa nia njema, wakataka kutugawana: huyu aende Tanga, yule Morogoro, wewe Zuhura utapata mume. Nilikataa. Nilivaa ovaroli ya baba iliyonifika vidoleni, nikafungua banda lake la ufundi. Nilijifunza redio, pasi, feni na mwishowe mafriji, kwa kuwaangalia mafundi jirani, na nisikufiche, kwa kuunguza vitu vya watu.

Pale Gerezani tulikuwa na desturi yetu ya kazi. Mteja akileta kitu kinachojizima hovyo, fundi anatafuta kinachokizima, anakiruka kwa kipande cha waya ili umeme upite pembeni, basi. Kitu hakijizimi tena. Mteja anasikiliza, anaona kimetulia, anaondoka ameridhika. Kwa nini kilikuwa kinajizima, hilo tuliwaachia wenye muda. Mimi niliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane nikiamini kwamba huo ndio ufundi wenyewe.

Idrisa alipofika chuo kikuu na kuvuka hadi uzamili, nilimwomba anieleze anachosoma. Akaniambia, "Dada, ni zile kompyuta ndogo zinazokaa ndani ya vyombo vingine. Ndani ya gari, ndani ya mita ya umeme. Huzioni, lakini ndizo zinazoamua." Kwa kazi yake ya mwisho alitengeneza kifaa cha kuchunga friza za samaki. Kilipima ubaridi, kikawasha na kuzima mota, na joto likipanda kikamtumia mwenye friza ujumbe kwenye simu. Kabla ya kukipeleka soko la Feri, kule Kivukoni, alikifunga kwenye friza kuukuu bandani kwangu ili akijaribu.

Tatizo likaanza. Mara tano, mara sita kwa siku, bodi ya kile kifaa ilijizima na kujiwasha tena, na kila ikiamka ililia "pii!" Idrisa alikuwa anakwenda chuoni asubuhi, mimi nabaki na kile kifaa na majirani.

"Dada Zuhura!" Fundi Sefu wa banda la pili akapaza sauti Jumanne hiyo. "Kifaa cha msomi wenu kina mafua. Kinapiga chafya tangu asubuhi!"

"Kiache kipige chafya," nikamjibu. "Redio yako hapo mezani mwezi wa pili haijaamka."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini akaongeza, "Miaka yote hiyo chuoni! Angekaa na mimi hapa wiki moja tu, angekuwa ameshaipatia dawa."

Miaka yote hiyo ya Idrisa ilikuwa miaka yangu pia. Nikachukua mita ya kupimia, nikafuata njia za bodi moja baada ya nyingine, na kabla ya adhuhuri nikamwona mchokozi: chipu ndogo pembeni, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo ndiyo iliyokuwa inaizima na kuiwasha ile chipu kubwa ya katikati, kompyuta yenyewe. Nikapasha moto kichomeo, nikaung'oa mguu wake mmoja, nikauinua kidogo tu, mtu asiweze kuuona. Pii zikakoma. Nikamwangalia Fundi Sefu kwa kiburi, nikaendelea na kazi zangu.

Jioni Idrisa akarudi. Kumbe adhuhuri ile, akiwa chuoni, alikuwa amebadilisha kitu katika programu yake na kukituma kwenye kifaa kwa njia ya simu. Akatazama kumbukumbu za kifaa, akaona hakijajizima tangu mchana, akaninyanyua juu kama mtoto. "Dada, nimeipata! Imetulia!"

Mwanangu, hapo ndipo nilipokosea. Kuung'oa mguu lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga una samahani. Lakini pale nilikuwa naujua ukweli, na mdomo ulikuwa wangu. Nikasema, "Hongera, mdogo wangu."

Wiki iliyofuata kifaa kikafungwa kwenye friza ya Bi Mwajuma, mchuuzi wa samaki pale Feri. Siku ya tatu akapiga simu, nami nilikuwa karibu na Idrisa nikamsikia. "Idrisa mwanangu, njoo uwaone changu wangu. Wamelegea kama mandazi yaliyoloweshwa chai. Friza imekaa kimya, na simu yangu haikuletewa ujumbe wowote."

Tukaenda wote. Kifaa kilikuwa kimeganda: taa inawaka, lakini hakipimi, hakiwashi mota, hakisemi. Bi Mwajuma hakutugombeza, na ingekuwa afadhali angetugombeza. Alisema, "Samaki nitawapa wakaangaji leo leo, hawatatupwa. Lakini niliwaambia wenzangu wote hapa kwamba kifaa cha Idrisa nakiamini mimi. Sasa niwaambie nini?"

Zilibaki siku tisa Idrisa asimame mbele ya jopo la walimu kuitetea kazi yake. Kwa siku tatu aliisoma programu yake mstari kwa mstari, chakula namwekea na kukiondoa vilevile. Siku ya tatu akaniambia bila kuinua uso, "Dada, sioni kosa. Labda hii fani si yangu. Nitaandika barua niache, nije tukae wote bandani."

Na bado sikusema. Niliogopa. Niliogopa atanidharau, na niliogopa watu wa chuoni watasema dada asiyesoma ndiye aliyeharibu. Badala yake nikaenda Kariakoo kununua chipu mpya kama ile, niibadilishe kimyakimya, mambo yaishe.

Mzee Jayanti aliuza vipuri vya umeme tangu enzi za baba. Nikamwamkia, akaitika, nikamtajia ninachotaka.

"Hii ya nini?" akauliza. "Wewe fundi wa friji."

Nikamweleza kijuujuu. Akavua miwani.

"Sasa utaiweka bila kumwambia?"

"Ndiyo, mzee. Itafanya kazi tena."

"Chombo kitafanya kazi. Idrisa je? Atasimama mbele ya walimu wake aseme nini? Iliharibika yenyewe, ikapona yenyewe?" Akaendelea taratibu, "Baba yako akiunguza redio ya mtu, alikuja hapa na redio, na mwenye redio. Anasema mbele yake, hii nimeunguza mimi. Mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake, yeye haoni. Leo sikuuzii chipu, Zuhura. Kaseme kwanza, halafu njoo naye."

Nikatembea kutoka Kariakoo hadi Magomeni juani, maana nilijua nikikaa kwenye kiti cha daladala nitabadili mawazo. Nikamkuta Idrisa ukumbini na kompyuta yake mapajani. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Idrisa, ile chipu ndogo ya pembeni, niliung'oa mguu wake. Ile Jumanne. Programu yako haikurekebisha kitu. Ni mimi niliyeinyamazisha."

Akafungua tasnifu yake, akanigeuzia. "Hapa nimeandika kwamba tatizo nimelitatua, na nimeeleza namna. Ukurasa mzima si kweli, dada, na jina lililo juu ni langu." Akanionyesha mchoro wa bodi. "Ile chipu ni mlinzi. Kila mara ile kubwa inatakiwa iiamkie. Ikinyamaza, mlinzi anajua mwenzake amezimia, anamwamsha. Kule Feri kompyuta ilizimia, na hakuwepo wa kuiamsha kwa sababu wewe ulimfukuza mlinzi kwa kuwa anapiga kelele!" Akafunga kompyuta. "Ndiyo maana watu wanasoma."

Neno hilo liliniuma kuliko la Fundi Sefu. Asubuhi alikuja jikoni akanishika mkono, akasema tu, "Twende wote chuoni."

Mwalimu msimamizi wake alikuwa mama wa sauti ya chini na macho makali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Ulijuaje ni mguu upi?"

"Niliufuata kwa mita, mwalimu."

"Ulifuata vizuri. Na kwa nini kompyuta ilikuwa inazimia, ulijiuliza?"

"Hapana. Nilitaka inyamaze."

Akaandika hilo. Kisha akamwambia Idrisa kwamba utetezi umeahirishwa, jaribio lote lirudiwe tangu mwanzo, na hatahitimu na wenzake. Nililia. Idrisa hakulia. Akauliza, "Naruhusiwa kufanya kazi na dada?" Mwalimu akasema anaruhusiwa, mradi kila atakachogusa dada kiandikwe, na kiandikwe kuwa ni dada aliyekigusa.

Tukanunua daftari. Mzee Jayanti akatuuzia chipu. Tukaurudisha ule mlio, na safari hii badala ya kuutukana tulikaa tukiuandika: umelia lini, mota ilikuwa inafanya nini. Baada ya siku chache nikaona jambo. Ulilia mota inapozima. Mimi nimekaa na mafriji miaka mingi, najua mota ikizima redio ya jirani inakwaruza. Nikamwambia Idrisa. Akapima kwa mashine za chuoni, akakuta ndivyo: cheche ya swichi ilikuwa inairukia kompyuta na kuizimisha. Tukatenga nyaya, tukaweka vipuri vidogo vya kumeza ile cheche. Yeye alijua vya kiasi gani. Mimi nilijua viwekwe wapi visiungue.

Bi Mwajuma alitupokea tena. "Kifungeni. Ila kikinyamaza safari hii, nataka niambiwe kwa nini."

Kilikaa mwezi mzima. Siku moja tu mlinzi aliiamsha kompyuta, na samaki walibaki wagumu kama mawe. Idrisa angeweza kuiacha siku hiyo, hakuna aliyeijua. Aliiandika. Mbele ya jopo waliacha mengine yote wakamshika kwa hiyo siku moja. Akawaambia, "Sababu yake sijaithibitisha. Nilichopima ni hiki, na nilichofanya bandani na dada yangu ni hiki." Nilikaa kiti cha nyuma, ovaroli nimeiacha nyumbani, nikasikia wakimpitisha.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Huko uendako utajengewa sifa kwa kitu kinachotulia mezani siku ya kuonyesha. Usikubali kitulie kabla hujajua kilichokuwa kinakisumbua. Mkono wako ukigusa kazi, uandike, hata pale ulipoharibu, hasa pale ulipoharibu. Kosa ukilijua, liseme siku hiyo hiyo, maana kila siku unayolificha kuna mtu anajenga juu yake. Na wale waliokulea, ambao hawakusoma, usiwafungie mlango wa kazi yako. Waeleze unachofanya mpaka waelewe. Mimi ningeelezwa kazi ya ile chipu, nisingeigusa, na huenda ile cheche ningeitaja mapema.

Nenda ukasome. Mungu akupe macho ya kuona kosa lako kabla ya la mwenzako, akupe walimu wasiokuonea haya, na akulinde na mapenzi ya watu kama mimi tusiojua kuuliza. Kazi ya mikono yako iwafae watu usiowajua, na wakikutaja, wakutaje kwa kheri.